Mtu Aliye Ndani ya Nguo

Mzazi anayemleta mtoto wake kwangu kujifunza kuchora huwa na maswali mawili. La kwanza huliuliza mlangoni: ada kiasi gani? La pili hungoja mpaka chai imemiminwa na mtoto ametumwa dukani. "Bi mkubwa, hivi kuchora watu si dhambi?" Na wapo wanaoongeza, sauti ikiwa chini zaidi: "Wala hawafundishwi kuchora watu uchi?"

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Nimeshona kanzu, madera, sare za shule na magauni ya harusi kwa muda mrefu kuliko umri wa wanafunzi wangu. Kuchora nilikuanza kwa sababu ya wateja. Bibi harusi anakuja, anaeleza gauni kwa mikono hewani, ukimaliza kushona anasema sivyo alivyotaka. Nikaona heri nimchoree kabla mkasi haujagusa kitambaa, aseme ndiyo au hapana kwenye karatasi, maana karatasi ni rahisi kuliko satini. Vijana wa mtaani wakaanza kusogea barazani kutazama. Wengine wanataka kubuni mavazi, wengine katuni za magazeti, na yupo mmoja ambaye hataki chochote, mkono wake tu hautulii.

Swali la dhambi silikwepi, na mzazi anayeliuliza simwoni mshamba. Hadithi zipo, katika Bukhari na katika Muslim, na mtu hawezi kuzirukia tu kisha akajiita mcha Mungu. Maana yake inajulikana: waliotengeneza sura za viumbe wataambiwa Siku ya Kiyama wazitie uhai, nao hawataweza. Kipo pia kisa cha bwana mmoja aliyemwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na yule bwana akasawijika. Ibn Abbas alipoona hali ile akamwambia, ikiwa huna budi, basi tengeneza miti na vitu visivyo na roho. Nakipenda kisa hiki kwa sababu mwanachuoni aliusoma uso wa mtu, akamhurumia, akamwonyesha mlango bila kuipindisha hukumu.

Sisi wa pwani ni Mashafii, na Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 1277, hakulegeza: kuchora chenye roho kwake ni haramu, kiwe na kivuli au kisiwe nacho. Wamaliki wakatofautisha. Sanamu linalosimama na kutoa kivuli wakalikataza, picha bapa wengi wao wakaiona makuruhu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sheikh Muhammad Abduh, mufti wa Misri, alizuru Sisilia, akaandika akizitetea picha kwa hoja kwamba kilichoogopwa ni ibada ya masanamu, na kwamba pasipo na hofu hiyo picha ni njia ya kuhifadhi maarifa. Nyumbani kwa Mtume mwenyewe, Bibi Aisha alikuwa na wanasesere na farasi wa kuchezea mwenye mabawa. Pazia lenye sura, hata hivyo, liliondolewa ukutani, likakatwa likawa mito ya kukalia. Mimi kama mshonaji naliangalia lile pazia zaidi ya vingine. Kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali kilipo na namna kinavyotazamwa.

Sitoi fatwa, sina elimu hiyo. Ninachofanya barazani kwangu ni hiki: anayeshika kauli ya Nawawi hachori uso. Anaacha duara tupu la kichwa, na simshawishi wala simcheki. Anayefuata kauli nyingine anachora macho na pua. Wanakaa mkeka mmoja.

Ajabu ni kwamba wasiochora uso ndio walionifundisha somo lenyewe. Yuko msichana mmoja, mwanafunzi wa madrasa, mkaidi kama mama yake, aliyemchora bibi yake amekaa kibarazani akichambua mchele. Kichwa kitupu, hakuna jicho wala mdomo. Kaka yake akapita kumchukua, akainama juu ya karatasi, akasema, "Ala! Bibi huyu." Hakuambiwa. Alimjua kwa bega la kulia lililoteremka, kwa goti moja lililopandishwa na ncha ya khanga iliyobanwa chini yake, na kwa namna mtandio ulivyotupwa nyuma, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, kwa sababu bibi yule huurudisha kila mara kwa mkono wa kushoto.

Ustadhi wa madrasa yao alipouona mchoro aliniuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kazi hii. "Ikiwa mtu ametambulika bila uso," alisema, "basi sura imekwepwa wapi?" Sikuwa na jibu la haraka, na sijifanyi kuwa nalo sasa. Ila nilimwambia nionavyo. Mtoto hakuchora roho ya bibi yake. Alichora alama ambazo mwili wa bibi umeziacha kwenye nguo, kama unyayo unavyobaki kwenye mchanga wa pwani mwenyewe akiwa keshapita. Roho haikuwamo katika uso pia, hata kama angeuchora. Kila aliyejaribu kwa dhati kumchora mtu aliye hai anajua kwamba kuna kitu hakikubali kushuka kwenye karatasi, na anayejua hivyo yuko mbali na kujidai muumba. Ustadhi akanyamaza, akaomba maji. Hakusema amekubali.

Mwenye kuchora watu waliovaa anabeba swali la kale kuliko baraza langu: ili uichore nguo, ni lazima uujue mwili ulio chini yake? Na kama ni lazima, utaujua vipi bila kuuvua?

Wazungu walilijibu mapema. Leon Battista Alberti, Mtaliano, katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435, aliwashauri wachoraji waanze na mifupa, waijalizie misuli na nyama, wachore mtu yuko uchi, ndipo wamvishe. Shule zao za sanaa zikajengwa juu ya shauri hilo, na katikati ya darasa akasimamishwa mtu asiye na nguo. Lakini hata kwao stara haikuwa jambo dogo, kama wanavyodhani vijana wangu wanaoona kila kitu kwenye simu. Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, ilipoanzishwa mwaka 1768 walikuwamo wanawake wawili miongoni mwa waasisi, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany akachora picha ya waasisi wamekusanyika darasani na wanaume wawili wa kuchorwa, mmoja uchi kabisa, mwingine akivua nguo. Waasisi wanaume karibu wote wamo, wamesimama na kukaa. Wale wanawake wawili? Wametundikwa ukutani, sura zao ndani ya fremu, kwa sababu haikuonekana adabu wawe chumba kimoja na mwanamume aliye uchi. Mpaka mwaka 1893 ndipo wanafunzi wa kike wa shule ile walipokubaliwa darasa la kuchora mwili, na hata hapo aliyechorwa alifunikwa sehemu. Nikiitazama picha ile hucheka peke yangu. Waasisi, tena wametundikwa kama kalenda.

Kauffman hakukosa kazi. Alichora watu wa historia kwa majoho na shela, akasifiwa Ulaya nzima. Hapo ndipo ninaposhika mimi: kwamba kuna njia ya kuujua mwili bila kuupora.

Mpwa wangu aliyesomea sanaa Dar es Salaam hakubaliani nami. Akija likizo tunagombana mpaka chakula kinapoa. "Shangazi," ananiambia, "bila anatomia unachora magunia." Namwambia mwanangu, tangu lini nimekataa anatomia? Mifupa haina aibu. Kitabu cha baiolojia cha sekondari kina picha ya mifupa ya mtu kutoka utosini hadi vidole vya mguu, na kila mwanafunzi wangu ameichora mara nyingi mpaka anaiota. Mkono wake anao, mguu wake anao, kioo kipo nyumbani. Wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, wanavuta nyavu vifua wazi kila siku inayopambazuka, na pale utaona mgongo unavyofanya kazi kuliko darasa lolote ambamo mtu amesimama kama mlingoti. Kilichobaki, yaani kile kisichoonekana hadharani, nauliza: anayetaka kuchora watu wa Ngamiani walivyo, na watu wa Ngamiani wamevaa, anakihitaji kwa lazima gani? Daktari ana dharura, mgonjwa anamfunulia. Dharura ya mchoraji wa nguo siioni. Huo ni msimamo wangu, na mpwa wangu ana wake, na mamake anatuambia tule.

Fundi cherehani anaujua mwili kwa mlango mwingine. Nimewapima wanawake kwa mamia juu ya nguo zao na utepe wa kupimia umeniambia mambo ambayo macho hayaambiwi. Nadra sana kukuta mabega mawili ya mtu yaliyo sawa. Kiwiko cha mkono ulioning'inia hukaa karibu na usawa wa kiuno. Mtu akinyoosha mikono pembeni, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni karibu sawa na urefu wake. Mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi kisiginoni, na mtoto wa mwaka mmoja ni kama vinne tu. Ndiyo maana watoto wanaochorwa na wanaoanza hufanana na watu wazima waliochovywa kwenye maji wakasinyaa. Macho yako katikati ya kichwa, si juu karibu na nywele kama kila anayeanza anavyoyaweka. Na kila anayeanza huchora kichwa kikubwa, mikono midogo na miguu mifupi, kwa sababu anachora anachokijali, na sote tunazijali nyuso.

Baada ya vipimo, nguo yenyewe. Kitambaa hakijishiki. Lazima pawe na mahali kinaponing'inia, na kazi ya kwanza ya mwenye kuchora ni kupatafuta mahali hapo. Kanzu inaning'inia mabegani, basi. Kutoka pale badani inashuka wima mpaka vifundoni, na ule upana wa chini unatokana na taharizi za ubavuni. Akipanda ngazi, goti linaisukuma badani mbele na mikunjo yote inaanza kwenye goti. Akiinua mkono, kikwapa kinavuta na upindo wa upande ule unapanda juu. Aliyeshona kanzu anayajua haya bila kufikiri. Asiyewahi kushona nampa kanzu kuukuu, naifumua mbele yake, namwambia aipange sakafuni vipande vipande kisha aichore. Anapouona ule mstatili mrefu na pembetatu zake, huacha kuchora mikunjo ya kubuni.

Khanga ni mwalimu mwingine, na bora zaidi kwa anayeanza. Ni kipande cha pamba kisichokatwa wala kushonwa umbo, karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, na kina pindo, mji na jina. Hakina umbo mpaka mtu akivae, kwa hiyo umbo lolote unaloliona ni la mvaaji. Fuata pindo. Sahau maua kwanza. Ule ukanda wa pembeni ufuate kwa penseli unavyozunguka kiuno, unavyopotea nyuma ya nyonga, unavyotokea tena juu ya paja, na utakuwa umeuchora mwili mzima bila kuugusa. Halafu maua yatie yakikatika kwenye mikunjo na kubanana yanapogeukia upande. Mwanafunzi anayechora maua yote kamili, ya duara, kana kwamba khanga iko mezani, amechora bango lililobandikwa juu ya mtu. Jina nalo lisome kwa nusu; kwenye mwili wa mtu hakuna anayelisoma jina zima isipokuwa mvaaji akitaka usome.

Na tofautisha mpya na kuukuu. Khanga ambayo haijafuliwa bado ina wanga, inasimama, inakunjika kwa pembe kali. Iliyofuliwa mwaka mzima inalala juu ya mtu na kumwambia mtazamaji yote. Mwanafunzi aliyeanza juzi simpi mtu wa kuchora. Nampa kiti na khanga iliyochovywa kwenye uji mwepesi wa muhogo ikatupwa juu yake, ikikauka inabaki vilevile siku kadhaa, mbu hawaitikisi wala haichoki kukaa. Nilidhani ni hila yetu ya kienyeji mpaka niliposoma kwamba Leonardo da Vinci, kijana bado katika miaka ya 1470, alikuwa akivisha vinyago vya udongo vitambaa vilivyoloweshwa kwa tope la udongo, akavichora kwa subira juu ya kitani. Michoro ile ipo mpaka leo: magoti na mapaja yanaonekana wazi, na hapakuwa na mtu ndani.

Hapo mwanafunzi mwerevu hunikamata. Kama nguo juu ya kiti inaweza kuonekana kana kwamba ina mtu, basi tunamchora nani? Tunadanganya? Jibu langu ni kwamba ndiyo, hatari hiyo ipo, na ndiyo dhambi hasa ya kazi hii, kubwa kuliko pua na macho. Unaweza kuchora nguo nzuri isiyo na mtu. Magazeti ya mitindo yamejaa hizo: mabega ya mbao, shingo ndefu kama ya twiga, gauni linatembea lenyewe. Na hata mtaani kwetu watu hutazamana hivyo. Tunaona sare, tunaona joho, tunaona vitambaa vilivyochanika vya mwendawazimu wa stendi, na tumemaliza.

Hakuna panapodhihirisha hilo kama buibui. Kila mwaka wanafunzi wapya, wavulana hasa, wakiambiwa wachore mwanamke wa buibui wanachora pembetatu nyeusi na kitobo cha uso juu. Dakika mbili, kazi imekwisha. Nawauliza: huyu ana umri gani? Amechoka? Amebeba nini mkono wa kushoto? Anamsubiri mtu au anaondoka? Hawajui. Nawaambia basi hamjamchora mtu, mmechora kivuli cha mlango. Kisha tunakaa barazani alasiri wanawake wakipita kutoka sokoni, nao wanaambiwa wachore mahali mwanga unapogusa, weusi waache. Bega. Kiwiko kilichoshika kikapu. Nyonga iliyopanda, kwa sababu uzito uko mguu huo, na bega la upande uleule limeshuka kidogo kusawazisha. Upindo wa chini unasema zaidi ya vyote: wa msichana unarushwa mbele na kisigino, wa mama mjamzito umepanda mbele na kugusa vumbi nyuma, wa bibi mwenye magoti mabovu hauendi popote, unayumba kushoto na kulia. Upepo wa baharini ukija, upande unaopigwa nguo inabanwa mwilini, upande wa pili inapeperuka. Weusi unatiwa mwisho. Mpaka Magharibi, pembetatu zimekwisha.

Na hapa naongeza kitu ambacho vijana wa kiume hawakipendi. Katika Sura ya Nuru, amri ya kuinamisha macho walianza kupewa wanaume, ndipo ikaja kwa wanawake na mavazi yao. Vibarazani hapa kwetu mpangilio huo umegeuzwa siku nyingi. Sasa utachoraje mtu bila kumtazama? Nawaambia kuna kutazama kunakochukua na kutazama kunakoomba. Unayemchora muulize. Mwonyeshe ulichochora. Akisema kichane, kichane mbele yake. Kijana mmoja alimchora dada jirani kwa siri kutoka dirishani, mstari mzuri kweli, kila mkunjo mahali pake, nami nikaitia karatasi ile jikoni kwenye mkaa. Alinuna. Mkono wake ulikuwa hodari, lakini nguo ya yule binti alikuwa ameichora ili kuivua, na mtu anayetazama hivyo hatajifunza hata kuchora sijafu ya mkono, kwa sababu jicho lake limekwisha kuipita.

Nikitaka kuwaonyesha kutazama kwa namna nyingine, nawafungulia picha za al-Wasiti. Yahya ibn Mahmud al-Wasiti aliandika na kuchora nakala ya Maqamat, kitabu cha visa cha al-Hariri, mwaka 1237, karibu miaka 200 kabla ya kitabu cha Alberti, na nakala hiyo iko katika maktaba ya taifa ya Ufaransa mjini Paris. Muislamu huyu alichora wafanyabiashara, makadhi, wasafiri, kundi la ngamia na mwangalizi wao, chombo kinachokwenda baharini na mabaharia ndani yake, hata mwanamke katika uchungu wa kuzaa. Watu wake karibu wote ni nguo: vilemba, mikono mipana yenye ukanda wa maandishi, majoho yaliyojaa mikunjo ya duara duara. Miili haipimiki, mpwa wangu angetafuta mfupa asiuone. Hata hivyo unajua nani anaombaomba, nani anadanganya na nani amekwisha kudanganyika, kwa kidole kilichotoka kwenye mkono wa joho na kwa namna watu walivyoinamiana. Haukuwa ujinga wa anatomia uliomfanya aheshimu nguo. Alijua kwamba watu hukutana wakiwa wamevaa.

Wanafunzi wangu si Waislamu wote. Mmoja, Mkatoliki, aliombwa na wazee wa kigango chao amchore Bikira Maria na mtoto, akaja kuniuliza amvike nini. Alitegemea nitasita. Maryam ana sura yake nzima katika Kurani, nikamwambia, na ndani yake uchungu wa kuzaa unamfikisha kwenye shina la mtende akiwa peke yake. Mimi binafsi sitamchora, ila wewe ukimchora usimchoree shela la buluu la kwenye kadi za Krismasi ambalo halijawahi kuvaliwa na mtu anayenyonyesha. Nikamweleza habari za Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyechora kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, Kenya, mwaka 1959, akaweka maisha ya Yesu katika mandhari na watu wa nyanda zile za juu. Wapo wanaoweza kusema ni kumshusha Bwana. Mimi nadhani Njau aliuliza swali la mshonaji: nguo hii inaning'inia kwenye bega la nani?

Kijana akaenda akamtazama dada yake aliyejifungua. Alirudi na Maria aliyevaa khanga mbili kuukuu, moja kiunoni, nyingine imembeba mtoto, na bega limevutwa chini kwa uzito wa mtoto aliyelala, maana aliyelala ni mzito kuliko aliye macho, kila mama anajua. Wazee wa kigango waligawanyika. Mmoja alitaka taji. Kijana akalitia taji, dogo, kwa penseli nyepesi, na hilo nililiona ni busara ya mtu anayetaka kulipwa.

Basi wazazi wenzangu mnaonipigia hodi, jibu langu ni hilo refu, fupi sina. Kama mna shaka na sura, muulizeni shehe mnayemwamini, na mtoto atachora bila uso, hatapungukiwa. Uchi haufundishwi kwangu. Mwili unafundishwa, na kwangu hayo ni mambo mawili tofauti. Darasa ni Jumamosi baada ya Alasiri. Mtoto aje na penseli, raba, karatasi zozote hata zilizotumika upande mmoja, na khanga moja iliyofuliwa sana. Amwombe mwenyewe kwanza.